Mtambo wa upepo wa mapipa kwa paa la Mombasa: anza na jenereta

Wengi wakipata wazo la kujiundia mtambo wa upepo hukimbilia mapipa. Wanakata pipa, wanalifunga kwenye bomba, linazunguka vizuri hadi watoto wa mtaa wanakuja kutazama, halafu ndipo wanapoanza kutafuta kitu cha kutoa umeme. Kazi hufia hapo. Pipa huzunguka polepole, na karibu kila mota utakayoikuta kwenye skrepa inataka mbio. Kwa hiyo mwongozo huu unaanza upande wa pili: tafuta jenereta, ipime, kisha unda kila kitu kingine kulingana na mbio inayoitaka.

Kabla ya kushika spana, jua unachotafuta. Nguvu ya upepo haipandi sawa na mbio zake. Mbio zikiwa maradufu, nguvu inapanda mara nane. Mtambo tunaouzungumzia una mapipa mawili, moja juu ya jingine, na uso wake unaokinga upepo ni kama mita za mraba 1.9. Upepo wa mita 5 kwa sekunde ukipita hapo unabeba kama wati 140. Hakuna mtambo duniani unaoweza kuchota zaidi ya asilimia 59.3 ya hizo. Hicho ni kikomo alichokipigia hesabu Mjerumani Albert Betz zaidi ya miaka 100 iliyopita, na mapipa hayakikaribii: hesabu asilimia 15. Toa tena kinachopotelea kwenye jenereta, dayodi (vidude vinavyopitisha umeme upande mmoja tu) na waya, betri inabaki na wati 12 au 13. Upepo ukifika mita 7, betri inapata kama wati 35. Ukishuka hadi 3, rota, yaani mapipa na shafti yake, inaweza kuzunguka lakini betri haipati kitu.

Ndiyo maana nasema friji, pasi na kupikia usahau. Jioni nzuri ya kusi, saa nane za wati 20 ni wati-saa 160: taa nne za LED za wati 5 kwa saa tano, na simu tatu nne zimejaa. Kwa nyumba ambayo stima hukatika mara kwa mara, hiyo si haba. Mitambo 365 ya Ziwa Turkana inatoa megawati 310 kwa sababu ipo kwenye mkondo wa upepo usio na mfano nchini. Sisi hatuko Loiyangalani.

Tulicho nacho ni pepo mbili zinazojulikana tangu enzi za majahazi. Kusi huvuma tangu Aprili hadi Septemba hivi, na huwa kali zaidi katikati ya mwaka. Kaskazi hushika Desemba hadi Machi. Katikati yake ni maleleji, na mtambo utakaa siku nyingi bila kufanya kazi ya maana. Juu ya hizo kuna upepo wa bahari wa alasiri, ambao kwa nyumba ya Nyali, Likoni, Shanzu au ukingoni mwa Kizingo ndio utakaokulisha zaidi. Ukiwa ndani kabisa ya Majengo au Kisauni, umezungukwa na ghorofa, upepo unafika umevunjikavunjika.

Pima kwanza, na huhitaji chombo. Chana ukanda mwembamba wa leso kuukuu, uufunge kwenye fito pale pale unapotaka kuweka mtambo, na uutazame alasiri kwa wiki mbili tatu. Ukiwa unaning'inia au kupepea kidogo tu, paa hilo halifai. Ukinyooka, na majani ya miti jirani hayatulii, una mita 4 au 5. Vumbi na karatasi zikianza kupeperuka barabarani na matawi madogo yakicheza, umefika 6 na kuendelea. Ukanda ukigeukageuka huku na huku bila kukaa upande mmoja, inua fito juu zaidi ujaribu tena, kwa kuwa hapo unakamata msukosuko wa ukuta wa jirani.

Sababu ya kuchagua mapipa

Mitambo ya mhimili wima, inayozunguka kwenye shafti iliyosimama kama huu wetu, iko ya aina nyingi, lakini mizizi ni miwili. Sigurd Savonius wa Ufini alibuni ule wa vikombe viwili katika miaka ya 1920, na Georges Darrieus wa Ufaransa akabuni ule wa mabawa membamba katika miaka hiyo hiyo. Wa Darrieus unachota nguvu zaidi, ila mara nyingi haujianzishi wenyewe, unakwenda mbio, na bawa lililochongwa vibaya kidogo linautikisa hadi unafunguka bolti. Kwa mtu anayetumia vitu vya jalalani, chukua wa Savonius. Ni mzito, mpole, hauchagui upande wa upepo, na ukikosea sentimita moja utazunguka tu.

Hatua ya 1: jenereta

Usinunue altaneta ya gari. Najua zimejaa kila gereji. Altaneta inataka mizunguko elfu na zaidi kwa dakika, na inakula umeme wa betri ili iweze kuzalisha. Rota yetu, kwenye upepo wa mita 5, inatoa mizunguko kama 70. Mota ya waipa nayo haifai: ndani ina gia ya skrubu ambayo huwezi kuizungusha kutoka nje.

Unachotaka ni mota yenye sumaku za kudumu. Bora kuliko zote, na inayoanza kupatikana, ni mota ya ndani ya tairi ya skuta ya umeme, zile ndogo za kusimama juu yake. Skuta hizi hufa betri au kontrola, mota ikabaki nzima. Uliza kwa mafundi wa simu na vifaa vya umeme, si kwenye gereji za magari. Mota ya baiskeli ya umeme pia inafaa ikiwa haina gia ndani. Kuijua, izungushe kwa mkono pande zote mbili: ikienda laini kabisa upande mmoja na kukaza upande mwingine, ina gia na kishikio cha upande mmoja, iache. Ukikosa zote hizo, mota ya mashine ya kukimbilia ya jimu inaweza kutumika, lakini inataka mizunguko 600 au 700 ili itoe volti 13, kwa hiyo utahitaji puli kubwa na mkanda.

Mota ya skuta ina nyaya tatu nene, kwa kawaida njano, kijani na buluu, na tano nyembamba. Nyembamba ni za vihisi, zifunge pembeni. Kabla hujatoa pesa, gusanisha nyaya nene mbili mbili huku unazungusha. Kila jozi lazima iifanye mota ikaze. Jozi moja isipokaza, waya wa ndani umekatika au umeungua.

Sasa upimaji wenyewe. Chukua altaneta iliyokufa, ifungue, utoe sahani yake ya dayodi. Hiyo ndiyo rektifaya yako, ya kugeuza umeme wa mota uwe wa DC unaopokelewa na betri, na hii ndiyo kazi pekee ya altaneta kwenye mradi huu. Unganisha nyaya tatu nene kwenye sehemu tatu zilikokuwa nyaya za altaneta, weka maltimita kwenye chanya na hasi upande wa volti za DC, kisha zungusha tairi mara mbili kila sekunde. Programu ya kuhesabu mapigo ya muziki kwenye simu, ikiwekwa 120, itakusaidia kushika mwendo. Tuseme maltimita imesoma volti 5.6. Dayodi zimekula 1.4, hivyo mota imetoa 7 kwa mizunguko 120, yaani mizunguko kama 17 kwa kila volti.

Betri ya volti 12 inaanza kupokea kwenye 12.8 hivi. Ongeza 1.4 ya dayodi upate 14.2, zidisha kwa 17: mizunguko 241. Kuijaza sawasawa unataka kama 272. Rota ya mapipa isiyo na mzigo, kwenye upepo wa mita 4, inafika mizunguko 72 kwa dakika. Gawanya 241 kwa 72, utapata 3.3. Hiyo ndiyo gia unayohitaji, na namba hii ndiyo inayoamua ununue nini baada ya hapa. Mota yako ikisoma tofauti, rudia hesabu na namba zako. Usichukue za kwangu.

Jambo moja zaidi kuhusu mota. Kila mota ya sumaku ina migongo, unaihisi ikishikashika unapoizungusha taratibu. Migongo ikizidi, upepo mdogo hautaianzisha. Funga kijiti kwenye tairi kikitokeza sentimita 20 kutoka katikati ya ekseli, tundika chupa ya maji ya nusu lita kwenye ncha. Kijiti kikiwa kimelala sawa na ardhi na chupa ikashindwa kuizungusha mota, tafuta nyingine.

Hatua ya 2: habu na breki

Nenda kwa wavunja magari ukamwambie fundi hivi: "Fundi, nataka habu ya nyuma ya Probox, kamili na ngoma yake, viatu vya breki na kebo ya hendibreki." Ya Vitz yenye breki za ngoma inafaa vilevile. Fundi akikuuliza gari liko wapi mwambie ukweli, huenda akakutafutia nzuri zaidi kwa udadisi tu.

Habu hii inakupa mambo mawili kwa bei moja. Beringi zake zimeundwa kubeba sehemu ya uzito wa gari, kwa hiyo kilo 50 za rota hazizisumbui. Pili, umepata breki ya kweli ya mkono. Watu huunda mitambo ya upepo bila breki, halafu kusi ikichafuka usiku wanashika kamba na kuomba Mungu. Shika habu kwa mikono miwili uitikise. Ikigonga, au ikisaga kama ina mchanga, rudisha.

Bolti zake nne zimepangwa kwenye mduara wa milimita 100. Fundi wa kuchomelea akukatie sahani ya chuma nene ya milimita 6 au 8, atoboe matundu hayo manne, kisha aichomelee bomba la maji la gelvanaizi la inchi moja na robo, likisimama wima kabisa. Hiyo ndiyo shafti, urefu mita mbili na nusu. Kabla hajachomelea, akwangue ile zinki ya bomba na afanyie nje penye upepo, kwa sababu moshi wake unaleta homa. Juu kabisa ya bomba achomelee kipande cha chuma mviringo kigumu cha milimita 25 kilichochongwa kwenye mashine ya leth, cha kuingia kwenye beringi ya juu.

Beringi ya juu tafuta plama bloku ya mashine ya posho, yaani beringi iliyo ndani ya kasha la chuma lenye miguu ya kufungia bolti. Ni imara, ina chuchu ya kutilia grisi, na inavumilia shafti iliyopinda kidogo.

Unaponunua vyuma, nunua kwa mwenye leseni na uchukue risiti. Januari 2022 serikali ilisimamisha biashara yote ya vyuma chakavu baada ya minara ya umeme kuharibiwa, na ilipofunguliwa tena masharti yalikazwa. Chuma cha pembe cha gelvanaizi chenye matundu mengi yaliyopangwa, na shaba iliyochunwa maganda, viache vilivyo hata vikiwa vya bei ya bure.

Hatua ya 3: mapipa

Chukua ya plastiki, yale ya buluu ya lita 200, mawili. Ya chuma ni mazuri kwa Nakuru. Kwetu chumvi itayatoboa, na ni mazito. Muulize muuzaji yalibeba nini. La mafuta ya kula au sharubati ni sawa. La dawa za kuua wadudu au asidi, usilibebe. Na pipa lolote lililobeba petroli au tina, la chuma au la plastiki, usiliguse kwa grainda wala moto hata kama halinuki: mvuke uliobaki ndani hulipuka.

Pipa lina upana kama sentimita 58 na urefu wa 90 na kidogo. Lizungushe uzi, ukunje uzi nusu, upate alama mbili zinazotazamana, kisha shusha mistari miwili hadi chini na mmoja juu ya kifuniko na kitako. Kata kwa msumeno wa mkono wa meno madogo. Usiondoe kitako na kifuniko. Kila nusu ibaki na nusu duara zake mbili, ndizo zinazoishika isibonyee upepo ukikaza.

Hatua ya 4: sahani

Unahitaji sahani tatu za mviringo zenye upana wa sentimita 112 hivi: ya chini, ya katikati, ya juu. Zinazuia upepo usitorokee kando ya mapipa, na zinaongeza nguvu kwa kiasi utakachokiona kwa macho. Mabango ya zamani ya maduka, yale ya alukobondi, ni mepesi na hayaozi. Plaiwudi ya baharini nayo inafaa ukiipaka rangi ya mashua pande zote na hasa ukingoni, ambako maji huingilia. Katikati ya kila sahani toboa tundu la shafti, na kwenye shafti chomelea kola tatu za upana wa sentimita 15, kila moja na bolti nne.

Upangaji wa nusu mbili juu ya sahani ndio watu hukosea. Hazikutani ukingo kwa ukingo katikati, wala hazitenganishwi. Zinapishana: ukingo wa ndani wa nusu ya kwanza unaingia sentimita 10 ndani ya mdomo wa nusu ya pili, na kila moja inatazama upande wake, kama herufi S iliyokatwa katikati ikasogezwa. Upepo ulioingia kikombe cha kwanza unapita kwenye mwanya huo, kando ya shafti, na kusukuma mgongo wa kikombe cha pili kutoka ndani. Kwa kupishana hivyo, upana wa rota nzima unakuwa sentimita 106.

Pipa la chini likiwa tayari, la juu ligeuze robo mzunguko. Bila hivyo kuna mkao mmoja ambao upepo hauwezi kuianzisha rota, na ndio mkao itakaopenda kusimamia.

Bolti za milimita 6, washa pana pande zote mbili, na nati za kujifunga zenye plastiki ndani. Ukiweza kununua kitu kimoja kipya kwenye kazi nzima, nunua bolti za chuma kisichoshika kutu.

Kisha sawazisha. Laza rota juu ya kingo mbili za chuma cha pembe, shafti ikigusa tu. Upande mzito utajizungusha uende chini. Ongeza washa upande wa juu hadi rota ikae popote utakapoiacha. Hii kazi inachosha, na ndiyo inayoamua kama utalala usiku au utasikia dari likinguruma.

Hatua ya 5: gurudumu la kusukuma mota

Tulitaka gia ya 3.3. Tairi la skuta ndogo lina upana wa sentimita 21 na nusu. Gurudumu la baiskeli ya Black Mamba, ile ya inchi 28, likiwa na tairi lake lina sentimita 71. Gawanya uone. Hakuna mkanda, hakuna cheni ya kushika kutu: tairi linasukuma tairi.

Ondoa habu na spoku za baiskeli, ubaki na ringi na tairi. Kutoka kwenye sahani ya habu ya Probox toa mikono minne ya chuma bapa hadi kwenye ringi, uifunge kwa bolti kupitia matundu ya spoku. Kabla ya kukaza, shika chaki karibu na tairi na uzungushe. Chaki ikigusa upande mmoja tu, sogeza ringi upande wa pili. Endelea hadi iguse kote au isiguse kabisa.

Mota inakaa wima kando, kwenye mkono wa chuma wenye bawaba, na springi ya stendi ya pikipiki inauvuta mkono ili tairi dogo libane kubwa. Kubana kwa nguvu ya kilo mbili kunatosha. Ukikaza zaidi unapoteza nguvu bure, ukilegeza sana tairi zitateleza mvua ikinyesha. Funika mota kwa jerikeni la lita 20 lililokatwa kitako, mdomo chini.

Hatua ya 6: fremu na paa

Fremu ni kama goli la mpira: nguzo mbili, boriti moja juu, moja chini. Mageti ya zamani na vitanda vya chuma vinatoa vyuma vya kutosha. Habu inafungwa kwenye boriti ya chini, plama bloku kwenye ya juu. Angalia kuwa miguu ya plama bloku hulala sambamba na shafti, kwa hiyo chini ya boriti ya juu lazima uning'inize pleti ya wima ya kuifungia. Paka rangi ya kwanza nyekundu ya kuzuia kutu, mikono miwili, kisha rangi ya juu.

Paa la zege lenye ukuta wa kando ndilo linalofaa. Mabati peke yake hayafai, makuti usijaribu. Upepo wa mita 25 kwa sekunde ukiupiga mtambo huu unausukuma kwa uzito wa zaidi ya kilo 80, na mzigo huo wote unaishia kwenye boriti na nyaya zako. Kwa hiyo nyaya nne za kukaza, kila moja kwenye kona yake, zimefungwa kwenye bolti zilizoingia ndani ya zege, si kwenye tofali za ukingo wala kwenye bomba la tangi la maji. Chini ya miguu ya fremu weka vipande vya tairi la lori ili mtikisiko usiteremke vyumbani. Ukiwa mpangaji, zungumza na mwenye nyumba kabla. Ukiwa Port Reitz au Changamwe karibu na Uwanja wa Ndege wa Moi, usisimamishe mlingoti mrefu bila idhini ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga.

Wanaoanika nguo paani waambiwe mapema. Leso ikinaswa na rota inafunga kila kitu, na mkono wa mtoto hautafungua. Zungushia wavu wa kuku hadi kimo cha mtu.

Hatua ya 7: umeme

Nyaya tatu kutoka kwa mota zishuke hadi kwenye rektifaya, iliyofungwa kwenye kipande cha alumini kinachopoza, ndani ya boksi lisiloingia maji. Kutoka hapo waya mbili hadi kwenye betri, fyuzi ya ampia 15 ikiwa karibu kabisa na chanya ya betri. Usitumie waya mwembamba wa taa. Kwa umbali wa mita 15, yaani mita 30 za waya kwenda na kurudi, waya wa milimita za mraba 2.5 ukipitisha ampia 5 unakula zaidi ya volti moja, na volti moja ndiyo tofauti ya kuchaji na kutochaji. Tumia ya 4 au 6, au sogeza betri karibu na paa.

Hapa kuna kosa ambalo hata mafundi wa sola hulifanya: kuunganisha mtambo wa upepo kwenye kontrola ya sola. Kontrola ya sola betri ikijaa hukata tu njia. Paneli ikikatwa haidhuriki. Mtambo wa upepo ukikatwa unaachiwa mzigo ghafla, unaongeza mbio, volti zinapanda, na kontrola yenyewe ndiyo huungua kwanza. Upepo unataka mahali pa kumwaga umeme wa ziada. Nunua rilei ya kupima volti, iweke iwake kwenye 14.4 na kuzima kwenye 13.2, na iwashe balbu mbili za taa kubwa za gari za wati 55 zinazochukua umeme wa betri kupitia rilei hiyo. Betri ikijaa, balbu zinawaka na kuibeba ziada. Balbu zinachoma, zifunge mbali na plastiki.

Betri ya tuktuk au ya gari iliyochoka kidogo inatosha kuanzia. Usiishushe chini ya volti 12.2 ikiwa imepumzika, hapo imebaki nusu, na ukizoea kuipeleka chini zaidi hutakaa nayo. Iweke penye hewa, kwa sababu ikichajiwa inatoa gesi inayoshika moto. Na usiguse nyaya za stima ya nyumba hata kidogo. Taa za mtambo ziwe na nyaya zake, swichi zake, na balbu za volti 12. Umeme ukirudishwa kwenye laini iliyokatwa unaweza kumuua fundi aliye juu ya nguzo.

Hatua ya 8: kusimamisha

Simamisha asubuhi na mapema upepo ukiwa bado umelala, watu watatu au wanne, hendibreki imevutwa na kamba imefungwa kwenye rota juu yake. Nyaya za kukaza zote nne zishikwe kabla mtu yeyote hajaachia fremu. Pima wima kwa timazi pande mbili. Kebo ya hendibreki ishushe hadi mahali unapofikia bila kupanda paani, kwa sababu utakapoihitaji hutataka kuwa huko juu.

Achia breki mtambo ukiwa haujaunganishwa na betri, usikilize. Mlio wa pumzi ni sawa. Kugonga mara moja kila mzunguko ni ringi au sahani haijakaa katikati. Kupiga kelele nyembamba ni beringi inayoomba grisi. Unganisha betri alasiri, weka maltimita, na usishtuke ampia zikiwa sifuri kwa muda mrefu halafu zikapanda hadi 2 upepo ukivuta: ndivyo upepo ulivyo. Wanaokuuzia sola hawakukuzoesha hivyo.

Baadhi ya watu huzima mitambo yao kwa kugusanisha nyaya tatu za mota, na ni njia nzuri mota ikiwa imefungwa moja kwa moja kwenye shafti. Kwetu mota inashikwa na tairi tu. Kwenye upepo mkali tairi zitateleza na rota itaendelea. Vuta hendibreki kwanza, nyaya baadaye.

Baada ya hapo ni chumvi. Kila mwezi panda na kitambaa chenye maji matamu ufute mota, rektifaya na bolti, tia grisi kwenye plama bloku mpaka ile ya zamani itoke, na kagua nyaya za kukaza kwa kuzigusa: zote nne zilie sauti moja. Pale bolti ya chuma isiyoshika kutu inapogusa alumini, paka grisi kati yake, la sivyo alumini italiwa. Kunguru watatua juu ya boriti na kuchafua sahani ya juu; kipande cha waya wenye miiba kinawafukuza kwa siku mbili tatu, kisha wanarudi. Jua litaifanya plastiki iwe ngumu na kupasuka kuanzia kwenye matundu ya bolti, hivyo ukiona mstari mweupe hapo badilisha nusu hiyo kabla Mei haijafika. Wakati wa maleleji legeza springi ya mota, ili tairi dogo lisikae likibonyea mahali pamoja kwa wiki nzima, na betri uichaji kwa paneli ndogo ya sola ikiwa unayo.